Kuamini na Kumwamini

Sisi tunaosoma Neno kwa Kiswahili, na mara nyingine kulilinganisha na Biblia ya Kiingereza, hukutana na maneno mawili pale ambapo sisi tuna moja. Waingereza wana "belief" na wana "faith". Yote mawili kwetu ni imani, lakini hayafanyi kazi moja. "Belief" huhesabika: mtu aweza kuwa nazo nyingi, kila moja ikiwa jambo analolikubali kuwa kweli. "Faith", kwa maana ya tegemeo la moyo, haihesabiki. Humwelekea yule anayetegemewa. Tena haina kitenzi chake. Ndiyo maana wafasiri wa Biblia ya King James ya mwaka 1611 walitumia nomino "faith", ila kwa kitenzi wakachukua "believe", ndugu yake "belief". Kigiriki cha Agano Jipya hakina shida hiyo: nomino na kitenzi vina mzizi mmoja, kama imani na kuamini.

Je, Kiswahili kimepoteza tofauti hiyo? La, wapendwa. Kimeiweka ndani ya kitenzi. Twasema "naamini kwamba Mungu yupo". Twasema pia "namwamini Mungu". Kiambishi kimoja kimeingia, na maana imehama kutoka kukubali habari hadi kujikabidhi kwa Mwenyewe. Yakobo anatukumbusha kwamba hata mashetani huamini kuwa Mungu ni mmoja. Kumwamini ndiko wasikokuwa nako.

Mama mmoja wa jumuiya yetu alimzika mwanawe wa pekee. Tulipokwenda kumfariji alituambia, "Naamini Mungu yupo. Kumwamini ndiko kunakonishinda." Hatukumkemea, alikuwa amesema kweli mbele za Mungu. Tuliendelea kwenda kwake kila Alhamisi. Sisi tuliomba, yeye alikaa kimya, na mwishoni aliitikia, "Amina."

Neno hilo asili yake ni Kiebrania, katika mzizi wenye maana ya kuwa thabiti, nalo lina undugu na imani, tuliyoipata kwa Kiarabu. Katika ukoo huohuo yumo mwaminifu, na Mwaminifu wa kwanza ni Mungu. Mikono yetu ikilegea, yake hailegei. Kwa mama yule bado tunakwenda, wala hatumdai maneno mengi. Amina yake yatosha kwa sasa.