Kiondo nilichokiacha mlangoni

Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakumfikiria mgeni anayefika saa nne za usiku katika nyumba isiyo na mwenyeji.

Siku hizi familia nyingi za hapa Nairobi zikienda Pwani hazilali hotelini. Hukodi nyumba nzima kwa juma moja, yenye vyumba vyake, sebule yake na jiko lake, na gharama ikigawanywa kwa vichwa huwa nafuu. Lakini hoteli ina neema moja ambayo nyumba ya kukodi haina. Ukichelewa, hukosi mtu wa kukupa angalau kikombe cha chai. Nyumba ya kukodi hukupa ufunguo kutoka kwa mlinzi na kimya cha ajabu. Njaa uliyotoka nayo barabarani ni yako mwenyewe.

Hayo niliyajua Desemba 2018, na sikuyajua kwa kusoma.

Tulikuwa watu sita: mimi, baba watoto, watoto wetu watatu na mavyaa wangu, ambaye tangu niolewe sijamwita jina jingine ila mama. Yeye ni mtu wa Machakos, mkulima, na ana ugonjwa wa kisukari ambao humlazimu kudungwa insulini asubuhi na jioni. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kwenda kuiona bahari.

Asubuhi ya safari alitoka chumbani kashika kiondo. Ndani mlikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha, mayai kama kumi hivi, njugu, ndizi na chapati alizozifunga katika kitambaa cheupe. Alikuwa ameamka saa tisa za usiku kuvitayarisha. Nami, Mungu anisamehe, nilikitazama kile kiondo nikaona aibu. Niliwaza picha tutakazopiga, gari tulilolisafisha, majirani waliokuwa wametoka kutuaga.

"Mama," nikamwambia, "tunaenda likizo, hatuendi matanga. Chakula tutanunua huko huko."

Hakunijibu. Alikiweka kiondo chini kando ya mlango, akaingia garini. Tuliporudi nyumbani baada ya juma moja kilikuwa bado pale pale, na harufu yake sitaisimulia katika ukurasa ambao huenda unausoma ukila.

Tulikuwa tumepanga kuondoka saa kumi na mbili za alfajiri. Tukaondoka saa nne. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480, na barabara ile haimwonei mtu huruma wakati wa Krismasi. Malori hufuatana kama siafu. Kabla ya kufika Voi gurudumu likapasuka. Tulipopanga foleni ya feri pale Likoni giza lilikuwa limekwisha kuingia, watoto wamemaliza biskuti zote na sasa wanagombania maji. Diani tukaingia saa tatu u nusu.

Nyumba ilikuwa nzuri, nisiikosee haki. Mama aliketi kwenye kochi, akafungua mkoba wake wa dawa, akaniuliza, "Mwanangu, chakula kitakuwa tayari baada ya muda gani?"

"Nusu saa tu, mama," nikasema. Nilikuwa na kuku, mchele, nyanya, vitunguu na unga, vyote vya supamaketi. Akajidunga sindano yake.

Nikaingia jikoni nikawasha jiko. Likatoa mlio mdogo kama wa mtu anayepiga chafya, kisha basi. Mtungi wa gesi ulikuwa mtupu. Mlinzi akasema hajui lolote kuhusu gesi, yeye kazi yake ni lango. Baba watoto akachukua gari kwenda kutafuta gesi au chakula, chochote atakachotangulia kukipata. Nikabaki na kuku mbichi mkononi.

Msomaji, mtu aliyedungwa insulini asipokula, sukari mwilini hushuka. Nilikuwa nimeambiwa hivyo mara nyingi, lakini kuambiwa na kuona ni mambo mawili. Baada ya muda nilisikia kifungua mimba wangu akiniita kwa sauti ambayo si yake. Nilimkuta nyanya yao anatetemeka, kanzu imelowa jasho, anajaribu kufungua kipimo chake na vidole havimtii. Nikamsaidia. Kikaonyesha 3.1. Daktari wake alikuwa amemwonya kwamba ikishuka chini ya 4 hakuna kungoja.

Ni yeye mwenyewe aliyenielekeza, mimi nilikuwa nimepigwa na bumbuazi. "Sukari," akasema. "Vijiko vinne, koroga kwenye maji." Bahati ilikuwa kwamba sukari ya chai tuliibeba. Akanywa, tukangoja dakika 15 ambazo kwangu zilikuwa kama mwaka, tukapima tena. Ilikuwa imepanda. Lakini maji ya sukari hayakai mwilini. Baada yake mtu hutakiwa kula chakula cha kumshikilia, na katika nyumba ile nzuri yenye bwawa la kuogelea hamkuwa na kitu cha kuliwa bila kupikwa. Nilikaa nikihesabu vilivyomo ndani ya kiondo. Kiazi kimoja tu kingetosha. Chapati moja.

Baba watoto alirudi karibu saa sita na mikate miwili na chipsi zilizopoa. Mama alikula, akalala. Asubuhi alikwenda kuiona bahari kana kwamba hakukutokea jambo. Hata leo hajawahi kunitajia kiondo, na naona heri angenigombeza.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kubeba chakula, na wenzangu kazini hunicheka. Wakishacheka huja mmoja mmoja kuniuliza nabeba nini. Basi nawaeleza.

Kanuni yangu ya kwanza ni kwamba mlo wa usiku wa kufika usihitaji moto. Moto ukipatikana, vyema, tutapasha. Usipopatikana, tule hivyo hivyo tulale. Kwa hiyo chapati hazikosi. Nazipika jioni ya kuamkia safari, naongeza mafuta kidogo kuliko kawaida ili zisikauke, kisha naziacha zipoe kabisa kabla ya kuzifunga. Ukizifunga zikiwa moto, mvuke hugeuka maji na kesho utafungua kitu kama uji. Mayai nayachemsha hadi kiini kiwe kigumu, nayabeba na maganda yake. Viazi vitamu, kama alivyofanya mama. Ndizi na maparachichi magumumagumu ambayo yataiva njiani. Nyanya, vitunguu na ndimu nabeba vizima, kwani kachumbari ya kukatwa Nairobi ikifika Mtito Andei huwa imekwisha kuwa supu.

Kitoweo ndicho kinachotaka akili. Mimi hupika mchuzi wa nyama ya ng'ombe au ndengu siku mbili kabla. Vikiiva, navipakua katika sinia pana ili vipoe upesi, wala siviachi nje zaidi ya saa mbili. Kisha vinaingia katika mikebe mipana yenye vifuniko, na mikebe inaingia katika friza hadi igande kama mawe. Siku ya safari naipanga katika kisanduku cha barafu pamoja na chupa za maji yaliyogandishwa. Uzuri wake ni kwamba mchuzi wenyewe ndio barafu. Kisanduku kikijaa na kisifunguliwefunguliwe, utakuta usiku bado una baridi kali. Wanangu wamekatazwa kukigusa. Soda zao zina mfuko wao. Ukifika na moto upo, chemsha mchuzi mpaka utokote kote, si kuupa uvuguvugu tu.

Msidhani hizi saa mbili ni mbwembwe zangu. Chakula kilichopikwa kikikaa kati ya nyuzijoto 5 na 60, vijidudu hujizalisha kwa kasi, na joto likipita nyuzi 32, kama ndani ya gari lililoegeshwa juani, ni afadhali uhesabu saa moja tu.

Wali sibebi, wala pilau, hata nikibembelezwa. Mchele una vijidudu ambavyo huacha mbegu zisizokufa kwa kuchemshwa. Wali ukishinda na uvuguvugu, mbegu hizo huchipuka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata uupashe moto namna gani. Nabeba mchele mkavu, tunapika kesho yake. Tui la nazi nalo ni lepesi kuchacha. Jirani yangu mzaliwa wa Mombasa ndiye aliyenitoa ujinga huo aliponikuta napakia mbaazi za nazi. "Chemsha mbaazi zako na chumvi tu, zigandishe," akaniambia, "nazi utazikuta huko zikikungoja." Sasa mbaazi zetu hufika zimeiva, nazi tunakuna asubuhi, na mahamri niliyoyapika Nairobi yanapata mwenzake. Hicho ndicho kiamsha kinywa cha siku ya kwanza, na sijapata kuona mtoto akiuliza habari ya mkate.

Muthokoi na maharagwe huchukua muda mrefu motoni, na gesi ya nyumba za watu huwezi kuiamini. Kwa hiyo hivyo pia huiva nyumbani na kugandishwa. Maharagwe mekundu hasa yasipikwe nusu nusu kwa kudhani utayamalizia huko. Yasipotokota sawasawa huumiza tumbo vibaya.

Juu ya mizigo yote, mahali pa kufikiwa na mkono, huwa pana kikapu kidogo: kibiriti, mshumaa, chumvi, sukari, majani ya chai, sufuria moja na kisu. Kisu nakisisitiza. Nimekodi nyumba kadhaa na bado sijakutana na kisu kinachoweza kukata nyanya bila kuiponda.

Mifuko ya plastiki tuliyozoea kufungia vitu ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, na tangu Juni 2020 chupa, sahani na vijiko vya plastiki vya kutumiwa mara moja haviruhusiwi katika mbuga, misitu na fuo za hifadhi. Mikebe, vitambaa na vikombe vya bati vinatosha. Mabibi zetu walisafiri navyo miaka yote.

Kwa wanafunzi wanaochanga pesa wakakodi chumba, najua kisanduku cha barafu ni mzigo, hasa mkienda kwa gari la moshi. Treni hii iliyoanza 2017 huishia Miritini, na kutoka hapo bado kuna safari ya kufika Diani au Kilifi, kwa hiyo mkitoka Nairobi alasiri mtafika usiku. Bebeni mkate, siagi ya njugu, mayai ya kuchemsha ya kula siku hiyo hiyo na ndizi. Mtakula kama wafalme wakati wengine wanatafuta kibanda.

Wenye gari wanajua pia hekalu la Makalasinga pale Makindu, lililojengwa 1926, ambako msafiri yeyote hukaribishwa chakula bila malipo. Tumesimama hapo mara mbili. Mama alipewa dengu na chapati akauliza ni nani amekufa, maana kwao chakula cha bure cha watu wengi kina sababu moja tu.

Na nyumba yenye mgonjwa wa kisukari iwe na jambo hili kichwani: insulini hubebwa mahali pa baridi lakini isigusane na barafu. Ikiganda imeharibika, haifai tena. Ya mama tunaiviringa katika taulo ndogo na kuiweka mbali na chupa zilizogandishwa. Nayo sindano ya jioni haidungwi mpaka chakula kiwe kimepakuliwa mbele yake. Siamini tena nusu saa ya mtu, hata yangu.

Desemba 2019 tulikwenda tena, nyumba nyingine. Safari hii mama alitoka chumbani mikono mitupu. Akasimama mlangoni kama mtu aliyesahau kitu. Nikamwonyesha kiondo chake garini, kimejaa. Nilikuwa nimeamka saa tisa.

Tulichelewa vilevile, maana baba watoto ni yule yule. Tulifika saa nne u robo na stima ilikuwa imepotea. Nikawasha mshumaa, tukatandika kitambaa sakafuni. Watoto wakamenya mayai, mimi nikakata kachumbari kwa kisu changu. Mama akasubiri mpaka sahani yake ijae, akajidunga, akaanza kula.

Alipofika katikati aliinua macho akautazama mlango wa jikoni.

"Na mtungi wa gesi?" akaniuliza.

"Sijaujaribu, mama."

Akacheka mpaka akaweka sahani chini. Kisha akatia mkono ndani ya kiondo, akatoa kiazi kitamu, akakikata vipande viwili na kunipa kile kikubwa.