Safari Yetu Hadi Kaburi la Rosina

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, tulitoka Tanga akina mama kumi na wanne wa usharika mmoja, tukaenda Mombasa kwa basi dogo la kukodi. Wengi walidhani tunafuata vitenge na vyombo. Vyombo vilinunuliwa kweli, tusifiche, lakini nia yetu ilikuwa kupaona mahali walipoanzia kazi wamisionari wa kwanza wa Kiprotestanti katika pwani yetu.

Pale mpakani Horohoro tulikaa zaidi ya saa nzima, kwa kuwa wawili wetu walisahau vyeti vya chanjo ya homa ya manjano. Mmoja wao ni muuguzi. Tuliona haya, maana sisi ndio tunaowahimiza watu kliniki.

Katika basi alikuwepo mama mmoja kijana, aliyejifungua mtoto wa kike mwezi wa Januari kabla ya siku zake kutimia. Mtoto aliishi siku sita. Sisi tulio wauguzi tunajua jinsi mama yule alivyokuwa akimkamulia maziwa na kumweka kifuani apate joto, usiku na mchana. Baada ya mazishi alikuja mtu wa maombi akamwambia mbele ya watu kwamba kama angeshika ahadi za Mungu kwa imani, mtoto asingekufa. Nasi tulikuwepo. Tulikuwa na vikombe vya chai mkononi, tukanyamaza. Tangu siku ile aliacha kwaya, na hata safari hii alikuja kwa sababu mama mkwe wake alimlipia nauli na kumfungia nguo.

Tulivuka Likoni kwa feri, tukapita kisiwani, tukavuka tena daraja la Nyali hadi upande wa bara. Tulipita Kengeleni, mahali palipopata jina kutokana na kengele ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Kutoka hapo si mbali kufika alipolazwa Rosina Krapf. Ni mahali patulivu, na kisiwa cha Mombasa kiko ng'ambo ya maji.

Vitabu vinamsifu sana mume wake, Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misioni cha Uingereza kiitwacho CMS. Habari za Rosina ni chache, basi tuziseme. Kabla ya kuja kwetu walikuwa Ethiopia. Huko alijifungua njiani, nyikani, mtoto wa kike ambaye hakuishi. Walimwita Eneba, maana yake chozi. Mwaka 1844 walifika Mombasa akiwa mjamzito tena. Mwezi wa Julai alijifungua, homa ikampata, na siku chache baadaye akafa. Mume naye alikuwa hoi kwa homa hiyohiyo. Kisha mtoto mchanga akamfuata mama yake. Rosina alikuwa ameomba azikwe upande wa bara, ili wapitao njia walione kaburi lake na kukumbuka kilichowaleta.

Sisi wauguzi tukisikia homa ya namna hiyo katika pwani hii, tunaifikiria malaria. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba inaletwa na mbu. Jambo hilo lilithibitishwa miaka zaidi ya 50 baadaye. Leo mama mjamzito anapewa chandarua na vidonge vya SP kliniki. Tafadhali, mtu asikuambie kwamba kumeza vidonge hivyo ni upungufu wa imani. Tumeshaona wodini mwisho wa maneno hayo.

Mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa akitueleza habari hizi tukiwa tumesimama kuzunguka kaburi. Alipofika kwenye kifo cha mtoto, yule mama kijana akauliza, "Kwa hiyo huyu naye hakuwa na imani?"

Hakuuliza kwa ukali. Hata hivyo hatukupata jibu la haraka, na labda ni heri, maana majibu yetu ya haraka yalikwisha kumuumiza.

Mwalimu akafungua Biblia, Mwanzo sura ya 23. Alichagua sura hiyo kwa sababu mwaka uleule wa 1844 Krapf alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Tulisoma jinsi Sara alivyokufa, na jinsi Ibrahimu alivyoinuka mbele ya maiti wake akaenda kutafuta mahali pa kumzika. Mungu alikuwa amemwahidi nchi nzima. Lakini hakuwa na hata kipande cha kuzikia, ikambidi alipe shekeli 400 za fedha kwa Efroni Mhiti. Basi sehemu ya kwanza ya ile nchi ya ahadi kuwa mali yake ilikuwa kaburi la mke wake. Tumeisoma sura hiyo mara nyingi kanisani, lakini siku ile tuliisikia upya.

Krapf aliandika London kwamba kaburi hili ni ishara kuwa kazi imeanza. Maneno hayo yalitutisha kidogo. Mwanamume aliyezika mke na mtoto katika wiki hizo, mwenyewe hawezi kusimama vizuri, anaandika hivyo! Hatusemi kila mfiwa aweze kusema namna hiyo. Ayubu alilalamika sana, na Mungu hakumtupa.

Bibi mzee kuliko sisi sote alimshika mkono yule mama kijana. "Mwanangu," akasema, "mimi nimezika watatu. Ahadi ninayoijua ni kwamba hakuniacha. Nyingine bado naisubiri."

Kesho yake tulikwenda Rabai, kwa njia ya Mazeras. Huko Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walihamia mwaka 1846. Nyumba zao zingali zipo. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, kilema, naye alibatizwa karibu na kufa kwake. Hebu fikirini: miaka ya kazi, na tunda la kwanza linakwenda kaburini! Rebmann alibaki katika kazi hiyo mpaka mwaka 1875, akaondoka akiwa kipofu. Waamini bado walikuwa wachache. Jumapili tuliyoabudu Rabai kanisa lilijaa, na watoto walicheka Kiswahili chetu cha Tanga.

Wakati wa kurudi, feri ilipokuwa katikati ya maji, yule mama kijana alituambia jina la mtoto wake. Hatukuwahi kuliuliza. Wauguzi tulikuwa tumeandika tu "mtoto wa" na jina la mama.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda makaburini na majembe manne na mafyekeo. Tulimwomba msamaha palepale, kila mmoja kwa kinywa chake. Mama mkwe alileta chai na mihogo ya kuchemsha, tukafyeka mpaka jua likawa kali.