Milango Miwili ya Wittenberg

Kila mwaka tarehe 31 Oktoba sharika nyingi hukumbuka Matengenezo ya Kanisa. Tangu tukiwa watoto wa kipaimara tulifundishwa habari za mlango wa kanisa la Wittenberg, huko Ujerumani, na za mtawa Martin Luther aliyegongomea hapo hoja zake 95 mwaka 1517. Hatukufikiri kwamba siku moja tungesimama mbele ya mlango huo. Lakini mwaka 2018 sisi akina mama wanne wa usharika mmoja tulialikwa na usharika rafiki wa Ujerumani, na wenyeji wetu wakatutengea siku nzima ya kuutembelea mji huo.

Tulitoka Berlin asubuhi kwa treni. Wittenberg uko kando ya mto Elbe, kiasi cha kilomita 100 kusini-magharibi mwa Berlin. Ni mji mdogo, na mambo yake makubwa yote yako karibu karibu. Upande mmoja liko Kanisa la Ngome, upande wa pili iko nyumba ya Luther, na katikati uko uwanja wa soko. Mama mwenye viatu vizuri hutoka mwanzo hadi mwisho kwa robo saa hivi. Tangu mwaka 1996 majengo makuu ya Matengenezo katika mji huo yamo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Wenyeji wetu walitushauri tuanzie Kanisa la Ngome, kisha turudi taratibu hadi nyumbani kwa Luther.

Mlango wa shaba

Mnara wa Kanisa la Ngome unaonekana kutoka mbali. Urefu wake ni mita 88, na juu kuuzunguka yameandikwa kwa herufi kubwa maneno ya kwanza ya wimbo wa Luther unaotokana na Zaburi ya 46. Hatukujua Kijerumani, lakini mwenyeji wetu alipoanza kuuimba kwa sauti ndogo tuliutambua mara moja, nasi tukaudakia kwa Kiswahili. Wapita njia waligeuka kututazama.

Tulikwenda moja kwa moja kwenye mlango. Hapo tulipata mshangao wetu wa kwanza. Mlango wenyewe wa siku zile haupo! Ulikuwa wa mbao, ukateketea mwaka 1760 wakati wa Vita vya Miaka Saba. Uliopo sasa ni wa shaba nyeusi, uliwekwa mwaka 1858, na juu yake zimeandikwa hoja zote 95 kwa Kilatini. Tena wako wataalamu wanaobisha kama kweli Luther alishika nyundo siku ile, au alizituma hoja zake kwa barua tu. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba tarehe hiyo alimwandikia askofu mkuu wake kupinga uuzaji wa vyeti vya msamaha, ambavyo watu maskini walivinunua wakidhani wanawaokoa wazazi wao waliokufa.

Ndani ya kanisa, karibu na mimbari, liko kaburi la Luther, aliyefariki tarehe 18 Februari 1546. Ng'ambo yake amelala rafiki yake Philipp Melanchthon, aliyefariki mwaka 1560. Mmoja wetu aliuliza swali ambalo sote tulikuwa nalo moyoni: "Na mkewe je, amezikwa wapi?" Mwenyeji wetu alijibu kwamba hayupo hapo. Kaburi lake liko katika mji mwingine uitwao Torgau, kama kilomita 50 kutoka Wittenberg. "Subirini," alisema, "tutafika nyumbani kwake."

Kanisa la mjini

Tulipita uwanja wa soko, penye sanamu za Luther na Melanchthon, tukaingia katika Kanisa la Mtakatifu Maria, lenye minara miwili. Hili ndilo kanisa ambamo Luther alihubiri mara nyingi. Kwenye madhabahu yako mapicha makubwa yaliyotoka katika karakana ya mchoraji Lucas Cranach na kuwekwa mwaka 1547. Picha ya chini inamwonyesha Luther mimbarini akimnyoshea kidole Kristo msalabani, na mbele yake umekaa usharika. Wa mbele kabisa ni mama na watoto. Husemwa kwamba mama huyo ni mke wa Luther. Tulifurahi kuona kwamba mchoraji hakuwaweka wanawake nyuma karibu na mlango.

Lakini wenyeji wetu hawakutuficha jambo moja la aibu. Nje ya kanisa hilo, juu ukutani, kuna mchongo wa zamani wa kuwatukana Wayahudi. Luther mwenyewe mwaka 1543 aliandika maneno makali mno juu yao. Chini ya mchongo huo, mwaka 1988, liliwekwa bamba la kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa. Tulisimama hapo kimya. Ni vizuri nyumba ya Mungu isifiche makosa yake.

Mlango wa mke

Baada ya chakula cha mchana tulifika mwisho wa barabara, kwenye jengo kubwa ambalo zamani lilikuwa nyumba ya watawa. Uani tulikuta sanamu ya shaba ya mwanamke anayepita katikati ya fremu ya mlango kwa hatua kubwa, kama mtu mwenye kazi nyingi zinazomngoja. Sanamu hiyo iliwekwa mwaka 1999. Huyo ndiye Katharina von Bora.

Alizaliwa mwaka 1499, akapelekwa kwa watawa angali mtoto mdogo, na baadaye akawa mtawa. Wakati wa Pasaka mwaka 1523 yeye na wenzake kumi na mmoja walitoroka usiku kwa gari la farasi la mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akiwauzia watawa chakula. Tisa kati yao walifika Wittenberg. Luther aliwatafutia wenzake waume au mahali pa kukaa, lakini Katharina alibaki. Mchumba aliyeletewa hakumtaka, akasema wazi ni nani ambao angekubali kuolewa nao, na Luther alikuwa mmojawapo. Walioana tarehe 13 Juni 1525. Bwana alikuwa na miaka 41, bibi 26. Tangu mwaka 1994 mji huu husherehekea arusi hiyo kila mwezi Juni, watu wakivaa nguo za kale.

Kisha tulionyeshwa mlango wa pili, ule ambao vitabu vyetu vya kipaimara havikuutaja. Ni mlango wa mawe wa kuingilia nyumbani, na kila upande wake kuna kiti cha mawe chenye kijipaa juu. Upande mmoja imechongwa sura ya Luther, upande mwingine nembo yake ya ua la waridi. Katharina ndiye aliyeagiza mlango huu mwaka 1540, uwe zawadi kwa mumewe. Hakumnunulia kitu cha kuvaa au cha kula. Alimpa mahali pa kukaa wawili jioni kazi zinapokwisha.

Na kazi zilikuwepo! Walijaliwa watoto sita, na tena walilea yatima wa ndugu zao. Wanafunzi walikaa hapo wakilipia chakula na malazi, na wageni hawakukatika. Wakati mwingine walilala humo watu thelathini au arobaini. Katharina alilima bustani, akafuga nguruwe na ng'ombe, akawa na bwawa la samaki, na kutengeneza bia, iliyokuwa kinywaji cha kila siku mezani. Alisimamia pia shamba la Zülsdorf lililokuwa mbali na mji. Aliamka alfajiri hata mumewe akamwita nyota ya asubuhi ya Wittenberg. Mara nyingine alimtania kwa kumwita Bwana Käthe, kwa sababu mambo ya fedha aliyaamua yeye. Wanafunzi waliandika kila alichosema Luther mezani, na vitabu hivyo vinasomwa hadi leo. Sisi tulitazamana na kuulizana: aliyeipakua sufuria ya watu arobaini, nani aliandika maneno yake?

Ghorofani tuliona chumba cha familia chenye kuta za mbao, meza na jiko kubwa la vigae la kupashia joto. Mlangoni limehifadhiwa kwa kioo jina aliloliandika kwa chaki mfalme Peter wa Urusi alipotembelea hapo mwaka 1712. Tulicheka. Watoto wetu wakiandika milangoni kwa chaki huwa tunawakaripia!

Lakini kicheko kilikatika tulipoelezwa habari za watoto. Binti mmoja, Elisabeth, alifariki mwaka 1528 akiwa na miezi minane hivi. Mwingine, Magdalena, alifariki mwaka 1542 akiwa na miaka 13, mikononi mwa baba yake. Inasimuliwa kwamba mama alikuwa katika chumba hicho hicho, lakini alisimama mbali na kitanda kwa uchungu. Mama aliyefiwa na mtoto hahitaji kufafanuliwa hilo.

Wosia

Jambo la mwisho ndilo tulilorudi nalo nyumbani. Luther aliijua sheria ya nchi yake ya Saksonia, kwamba mjane alipewa sehemu ndogo tu. Kwa hiyo Januari 1542 aliandika wosia kwa mkono wake mwenyewe, akamwachia mkewe nyumba, shamba na vyote, na kutaka yeye awe mlezi wa watoto. Alitoa sababu: mama atawatunza watoto vizuri kuliko mtu mwingine yeyote. Ila hakuwapenda wanasheria, na hakuufuata utaratibu uliotakiwa.

Alipofariki mwaka 1546, wosia ule ulipingwa. Waziri mmoja wa mtawala alitaka mjane anyang'anywe malezi ya watoto na nyumba ile kubwa ivunjwe. Katharina alimwandikia mtawala, na mtawala akauthibitisha wosia. Hata hivyo aliwekewa wasimamizi wanaume. Vita vikaja, akakimbia na watoto. Aliporudi mwaka 1547 mashamba yalikuwa yameharibiwa. Alikopa, akapangisha vyumba, akaanza upya. Mwaka 1552 tauni ilipoingia mjini alikimbilia Torgau. Njiani farasi walishtuka, akaanguka na kuumia. Alifariki huko tarehe 20 Desemba mwaka huo. Ndiyo maana kaburi lake haliko kando ya la mumewe.

Mwenzetu mmoja ni mjane. Mumewe alipofariki, baadhi ya ndugu walikuja na gari kabla hata matanga hayajaanuliwa, wakachukua cherehani, makochi na hati ya kiwanja. Marehemu alikuwa amesema mara nyingi kwa mdomo kwamba nyumba ni ya mama na watoto, lakini hakuandika. Mama huyu alisikiliza habari zote za Katharina bila kusema neno. Tulipotoka alikwenda akaketi kwenye kiti kimoja cha mawe mlangoni, akakiangalia kile cha pili kilicho kitupu. "Kumbe hata huku," alisema. Kisha akaongeza, "Lakini huyu angalau aliandikiwa." Hatukuwa na la kumjibu. Tulikaa naye hadi saa ya treni ilipokaribia.

Akina mama wenzetu, mkijaliwa kufika Wittenberg, upigeni picha mlango wa shaba kama watu wote, maana ni haki yake. Lakini msikose kutembea ile robo saa hadi mlango wa pili. Mlango wa kwanza unatukumbusha jinsi mtu mmoja alivyosimama mbele ya wakubwa wa dunia. Mlango wa pili unatufundisha kwamba mume anayempenda mkewe humtunza hata baada ya kufa kwake, na kwamba upendo wa moyoni peke yake hautoshi pasipo karatasi iliyoandikwa kwa utaratibu.

Tuliporudi, kila mmoja wetu mwenye mume alipanga jioni moja ya kuketi naye. Si rahisi. Wapo waume wanaodhani kutaja wosia ni kuwaombea kifo. Mmoja wetu alianza kwa kumwonyesha mumewe picha ya vile viti viwili vya mawe na kumsimulia habari za Luther. Mumewe alicheka, akanyamaza, kisha akauliza, "Sasa tunahitaji mashahidi wangapi?" Juma lililofuata walikwenda wote wawili kumwona mwanasheria.

Nawe, mama msomaji, soma tena Mithali sura ya 31, umwone yule mwanamke anayenunua shamba na kuamka kabla ya mapambazuko. Halafu jioni, watoto wakilala, vuta viti viwili mlangoni, umwite baba watoto mzungumze.