Hii Imenikataa

Niliacha chuo mwaka wa pili, na swali la kila shangazi hapa Nyamira ni lile lile: "Sasa unafanya nini?" Wasee, natengeneza obokano ya kugusa.

Obokano mnaijua, ile ala yetu kubwa ya nyuzi 8 yenye sauti nzito ya kutetemesha kifua. Mimi siwezi kuicheza, siwadanganyi. Nikachukua ubao, nikabandika vipande 8 vya foili ya jikoni, kila kimoja na waya wake hadi kwa chipu ya MPR121, yenye nafasi 12 za kugusa. Hiyo inaongea na Arduino ndogo, na laptopu inaiona kama kinanda cha MIDI. Vifaa vilitoka Luthuli Avenue, Nairobi, vikaja na matatu.

Hakuna uchawi. Foili inashika chaji kidogo ya umeme. Ukiigusa, mwili wako unabadilisha kiasi inachoshika. Namba ikibadilika kupita kiwango ulichoweka, noti inalia. Nilijaribu usiku mzima, poa kabisa.

Halafu nikampelekea babu. Yeye ndiye mchezaji. Akaweka kidole: kimya. Akabonyeza zaidi: kimya. Nikaweka changu, ikalia. Mzee akaangalia mkono wake. "Mjukuu wangu, hii imenikataa."

Manze, iliniuma kuliko siku niliyorudi nyumbani na begi la chuo.

Ngozi ya vidole vyake imekuwa ngumu kwa jembe na nyuzi, na ngozi kavu, nene, inapunguza yale mabadiliko chipu inasoma. Kiwango cha kawaida kwenye programu ya Adafruit ni 12 kugusa, 6 kuachilia. Nikashusha hadi 6 na 3. Ikamsikia! Ila sasa nikichomeka chaja ya laptopu, noti zinalia zenyewe kama kuna majini. Kwa hivyo tunacheza na betri.

Najua kuna wale wataniambia ninunue pedi iliyotengenezwa tayari. Sawa, lakini hiyo ilijaribiwa na vidole vya nani?

Babu naye ana lalamiko jipya: akigusa polepole au kwa nguvu, sauti ni moja. Yuko sawa. Foili yangu inajua tu umegusa au hujagusa. Nimeanza kufungua vitu vibovu nikitafuta piezo, kile kisahani cha shaba kinachohisi mtetemo. Kimoja nimepata. Waya wake umekatika.