Zaburi ya Saksafoni

Wiki hii tumesikiliza tena santuri ya John Coltrane, mpiga saksafoni wa Marekani. Onyesho lake la A Love Supreme la tarehe 2 Oktoba 1965, mjini Seattle, lilirekodiwa na mwanamuziki mwenzake, Joe Brazil. Kanda zikakaa faraghani hadi mwaka 2021. Miaka 56!

Sisi tunaokusanya jazi huria tumezoea kuambiwa kwamba hizo ni kelele. Ni kweli, saksafoni hukwaruza, hupiga yowe. Lakini sehemu ya mwisho yaitwa Zaburi, na Mzaburi naye alimlilia Mungu bila kupunguza sauti. Wengi tumefundishwa kusali kwa adabu tu. Aliyefiwa apeleke wapi yowe lake?

Coltrane alifariki mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 40.