Baba Yuko Ziwani

Jumatatu, 3 Juni 2024. Katunguru

Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Walioweza wameenda kuhiji Namugongo, waliobaki wanafuata misa redioni. Nilidhani nitakuta banda letu la masomo tupu, kumbe watoto wamefurika: shule imefungwa na nyumbani hakuna mtu, kina mama wako kwenye samaki. Wakubwa nikawapa hesabu za kuzidisha, wadogo nikawaachia chaki na sakafu.

Abiria anayetoka Kasese kwenda Mbarara huona daraja, Mfereji wa Kazinga na viboko, akapiga picha akaenda zake. Kijiji hakioni. Tumo ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, na kulima hakuruhusiwi. Muhogo, ndizi, maharage, vyote vinaletwa kutoka nje kwa pikipiki, na bei ni ya pikipiki. Kwetu Tanga mvuvi akikosa bahari atakwenda kwenye mihogo yake. Hapa samaki wakikosekana asubuhi, mchana mtoto anakuja bandani tumbo tupu, na hesabu haziingii.

Alhamisi, 6 Juni

Binti mmoja wa darasa la nne amekuja tena na mdogo wake mgongoni, kafungwa kitenge, na dumu la maji mkononi. Huandika akiwa amesimama, maana akikaa tu mtoto analia. Daftari analibana kwenye nguzo kwa kiwiko. Anaandika mstari, anayumba kushoto na kulia mara mbili tatu, anaandika mwingine. Hati yake ndiyo nzuri kuliko zote bandani, yangu ikiwemo. Nilijaribu kumpokea mtoto. Akapiga kelele mpaka nikamrudisha.

Saa kumi na moja anaaga, somo liwe limekwisha au halijakwisha. Lazima achote maji mapema. Jioni viboko wanatoka majini kuja kula nyasi katikati ya nyumba, na hakuna anayegombea nao njia.

Ndoo ya kunawia imepasuka, nikumbuke kununua nyingine. Mwenzangu ninayefundisha naye hakubali mtoto aguse uji kabla hajanawa. Ni mtu wa Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, na mwaka 2019 alikuwa huko wakati mtoto wa miaka mitano aliyeletwa kutoka Kongo alipofariki kwa Ebola.

Jumatano, 12 Juni

Wageni. Walikuwa njiani kwenda Mweya kupanda boti, wakapita kwetu na pipi, jezi na fomu za msaada. Mmoja, mama mtu mzima, alikaa vumbini akacheza rede na watoto hadi jasho likamtoka. Nikampenda.

Fomu sikuipenda. Jina, umri, halafu: yatima wa baba, wa mama, au wa wote wawili. Ambaye si yatima hana pa kuandikwa.

Mwenzangu akashika kalamu, mimi natafsiri. Tukafika kwa kijana mmoja ambaye kwao walivuka kutoka Kasindi, Kongo. Baba yako alifariki lini? Akashangaa. "Baba? Baba iko ziwani. Atarudia asubui." Wenzake wakaangua kicheko. Mwenzangu akaniinamia: "Dada, tukiandika yupo, huyu hapati kitu."

Najua anachosema. Shule ya msingi ya serikali haina ada tangu 1997, lakini chakula cha mchana kinalipiwa, sare inanunuliwa, madaftari yananunuliwa, na hapo ndipo mtoto wa mvuvi anapokwama. Hata hivyo nikamwambia aandike yupo. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Njaa ya yule kijana haingojei msimamo wangu, hilo nalikubali. Lakini umzike baba wa mtu mbele ya rafiki zake kwa sababu ya jezi? Sisi wageni, na mimi ni mgeni mwenye lugha tu, tuna tabia ya kumpenda mtoto kabla hatujauliza mama yake anaitwa nani.

Yule mama mcheza rede alinivuta pembeni. Je, angeweza kukachukua kale kadogo ka mgongoni, akakalee kwao? Nikamweleza kwamba tangu sheria ya watoto iliporekebishwa mwaka 2016, mgeni anatakiwa akae Uganda mwaka mzima akimlea mtoto kwanza, ndipo mahakama imsikilize. Halafu nikampeleka kwa mama mtoto, hatua chache tu, alikokuwa anapara samaki. Wakasalimiana. Mama mtoto akafuta mkono kwenye gauni kabla ya kuutoa. Suala la kumchukua mtoto halikurudiwa.

Jumapili, 16 Juni. Bwera

Idi. Baada ya sala Kasese nikaja huku na mwenzangu kumwona mama yake, nikamletea nyama. "Wasingya," akashukuru, akatuwekea bundu, yaani ugali wa muhogo, na sombe, kisamvu chao.

Leo pia ni Siku ya Mtoto wa Afrika, kwa ajili ya wale wa Soweto wa 1976. Hapa tarehe hii ina makaburi yake. Mwaka jana, usiku kama wa leo, waasi wa ADF waliingia sekondari ya Lhubiriha pale Mpondwe, wakawachoma wavulana bwenini na kuwakata wasichana kwa mapanga. Wanafunzi 37. Mama wa mwenzangu hakutaka kulizungumza. Alisema tu kwamba mjukuu wake halali tena shuleni, anakwenda na kurudi kwa miguu. Akauliza nyama ya Idi huwa tunaipika kwa viungo gani.

Jumanne, 18 Juni. Katunguru

Baba wa yule kijana amekuja kuuliza alichoandikiwa. Nikampa nakala ya fomu. Akaisoma polepole pale mlangoni, akaomba kalamu, akasahihisha umri wa mwanawe: tisa, si minane. Nikamweleza tumeomba chakula cha mchana cha muhula, kilipwe shuleni moja kwa moja.

Akauliza kama hao wageni wananunua na nyavu. Nyavu halali, akakazia, si zile za matundu madogo ambazo wanajeshi wanazichoma. Akinunuliwa nyavu, chakula cha mtoto atalipa mwenyewe. Nikageuza karatasi, nikaandika nyuma yake: nyavu, na ukubwa wa matundu kama alivyonitajia.