Taa ya kushoto, Mikumi

Anayesafiri kwa gari lake kutoka Iringa kwenda Dar es Salaam huteremka Kitonga kwa gia nzito, kona baada ya kona, hadi joto la bondeni limpokee. Ruaha Mbuyuni kuna vitunguu vilivyofungwa kwenye nyavu kando ya lami, na mwenye watoto hapiti hapo bila kusimama. Halafu mibuyu, kila mtoto anataka picha na wake. Ndivyo saa zinavyopotea. Mikumi mjini unaingia jua likizama, na mbele kuna kilomita 50 hivi za barabara inayokatiza hifadhi, ambako tembo, twiga na nyati huvuka muda wanaotaka.

Familia moja ilifika hapo hivyo hivyo, likizo ya shule, na Peugeot 504 ya babu. Baba alipowasha taa, ya kulia iliwaka vizuri. Ya kushoto ilikuwa nyekundu kama kaa linalokaribia kuzimika. Kijana mmoja akasema balbu imekufa, akakimbia dukani kuleta nyingine. Ikafungwa mpya, ikawaka nyekundu vilevile, na pesa haikurudi.

Fundi umeme aliyeitwa hakufungua kitu. "Washa indiketa ya kushoto, mzee." Kila indiketa ilipowaka, taa kubwa nayo ilizidi kufifia.

"Ile balbu yako ya zamani nzima. Ethi ndiyo mbovu."

Umeme wa gari una kwenda na kurudi. Hutoka kwenye betri kwa waya, hupita kwenye balbu, kisha hurudi kwa kupitia bodi ya gari. Kile kiwaya kifupi kinachofungwa kwenye bodi kwa bolti ndicho ethi, na kwenye gari kuukuu kutu hukaa hapo hapo, mahali ambapo hakuna anayepatazama. Fundi alishika kipande cha waya, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye ethi ya taa. Mwanga ukaruka hadi ukuta wa duka la ng'ambo. Watoto wakapiga makofi. Iliyobaki ilikuwa kazi ya spana na msasa: kufungua bolti, kusugua hadi chuma king'ae, kukaza tena.

Zingefifia zote mbili, kisha zing'ae injini ikikanyagwa mafuta, angeanza na vichwa vya betri, mkanda na alternata. Ingezima moja kabisa, angetazama balbu na fyuzi. Kwenye fyuzi fundi huyo hana mzaha: anayeweka karatasi ya sigara badala yake, au fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa, anaunguza nyaya, na nyaya hizo zinapita chini ya dashibodi, kwenye miguu ya watu wake.

Baba alilipa, akafunga boneti, akawaita watoto waingie. Mama hakunyanyuka kwenye benchi.

"Taa imepona, Baba watoto. Lakini tembo hana taa."

Walilala gesti, watano chumba kimoja. Saa 12 na nusu asubuhi walikuwa ndani ya hifadhi, na twiga watatu walikuwa wamesimama katikati ya lami. Mtoto mdogo akamwomba baba asipige honi.